Bunduki ya Mjomba Leodegar

Bunduki iko hapa miguuni kwangu, Mama, imefungwa kwenye shuka la Mama Isack, na mie nimekaa kwenye kigoda cha marehemu Mjomba nakuandikia huku nasikilizia geti. Isack ameshapiga simu kuuliza kama ipo. Mama yake amemjibu ipo. Hajamwambia kwamba na mie nipo.

Lakini nimeanza vibaya, kama mtu aliyeingia ndani bila hodi. Shikamoo Mama. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Tabu akuletee safari iliyopita, imekusaidia au ni maji ya rangi tu? Dada Editha na watoto hawajambo? Korosho mmeshapulizia? Mie mwili mzima, nakula, nalala, kazi ni ile ile kwa fundi kule Wazo, napiga msasa milango ya kuchonga. Kule kuna vumbi la saruji na vumbi la mbao, nikikohoa sijui nimekohoa lipi, lakini usiwe na wasi, ni kikohozi cha kazi.

Nimekuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu ya Editha mnaiwekaga lauspika, nyumba nzima inasikiliza mpaka watoto wa jirani wanaitikia. Neno nililonalo si la lauspika. Nikakumbuka ulivyosoma kile kisomo cha watu wazima pale kanisani, unasoma mwenyewe taratibu, kidole chini ya neno. Basi nimeandika kwa herufi kubwa. Soma ukiwa peke yako, na kama Editha yuko karibu mtume hata dukani. Mie shule niliiachia darasa la tano, utanivumilia nikichanganya mambo.

Siku tulipomaliza msiba wa Mjomba wewe hukuweza kusafiri kwa ajili ya mguu, na waliorudi huko najua wamekusimulia ya pilau tu. Mie nilikalishwa kwenye kigoda hiki hiki hapa Temeke, uani kwake. Mzee Augustine, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo wetu huku mjini, akanivalisha kofia ya Mjomba, akatangaza kwamba kuanzia siku ile mie ndiye Leodegar, maana mie ndiye mtoto wa dada yake, na kwetu mjomba anarithiwa na mpwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Unanijua, Mama. Watu wakinitazama wengi kwa pamoja ulimi unakauka kama nimekula bibo bichi. Nikawa naangalia vidole vyangu vya miguu.

Ndipo Isack akasimama. Alikuwa na suti, si unajua ni karani kwenye ofisi moja huko mjini, kuongea kwake ni kama redio. Kwa kuwa nimeshapewa jina la baba yake, akaniita Baba. Watu wakacheka sana, maana kati ya mie na yeye, yeye ananizidi umri, ameshaanza hata upara. Akasema, Baba, mwanao nina ombi moja, ile bunduki yako niachie mie nikutunzie, wewe huko Wazo unalala chumba kimoja na gunia la mkaa. Wakacheka tena. Wewe unaijua desturi ya ukoo wetu: mrithi akiombwa kitu siku anayokalishwa, mbele za watu, anajibu hapo hapo. Akinyamaza, ametoa. Isack alilijua hilo, na alijua pia kwamba mie sitafungua mdomo. Nilitaka kusema ngoja nimuulize Mama. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Mzee Augustine akanitazama, akangoja, akasema haya, imetolewa, leteni maji ya kunawa. Hivyo ndivyo bunduki ilivyoondoka kwangu, sikuinua hata kidole.

Hiyo bunduki wewe hujawahi kuiona, kwa sababu Mjomba hakuileta kijijini hata mara moja. Ni ya risasi moja. Unaikunja katikati kama unavunja muhogo, unaingiza risasi moja, unaifunga, basi. Ukikosa umekosa. Ile miaka Mjomba alipokuwa anafuata nyayo za wanyama kwenye kambi ya wawindaji, kuna mgeni mmoja, mzungu, alimpenda, akaenda kwao akamtengenezeshea kwa oda, kwa kipimo cha mkono wa Mjomba kabisa, na serikali ikampa leseni yake. Ilikuja chuma kitupu hakina hata ua. Mjomba akaanza kuichora mwenyewe, tindo ndogo na nyundo ya fundi viatu. Kila mnyama aliyempiga alimchora ubavuni: pofu, ngiri, nyati mwenye pembe moja iliyovunjika. Nywele za shingo ya kuro unaziona moja moja. Mie nilipokuwa nakaa kwake kabla sijapata chumba Wazo, kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kuipaka mafuta ya cherehani, kwa hiyo naijua kwa vidole hata nikifumba macho.

Karibu na skrubu, mwisho wa wanyama wote, kuna kamtu kadogo kamelala. Nilidhani ni mwindaji amepumzika. Siku moja nikajikaza nikamuuliza Mjomba, huyu nani? Akanichukua kitambaa mkononi, akanituma chumvi. Chumvi ilikuwepo ndani, kopo zima.

Na kitako, Mama. Kile cha mbao kilichokuja nayo alikitoa, akachonga chake kwa mninga, watu wamepandana mabegani kama vinyago vya kwetu. Wote wanawake. Chini kabisa yupo bibi mzaa bibi na ndonya yake kwenye mdomo wa juu, juu yake bibi, juu yake wengine wa ukoo, na huko juu, pale mlengaji anapolaza shavu, kuna uso mmoja mkubwa kuliko wote. Ni wako. Ndonya huna, lakini zile chale zako za kwenye paji ziko, na lile jicho la kushoto unalolifinya ukitaka kucheka. Nilikutambua siku ya kwanza niliyoishika. Nikasema moyoni, kumbe Mjomba anampenda dada yake hivi, mbona akienda kwake halali?

Sasa Isack akapata mnunuzi. Ni bwana mmoja wa Mbezi Beach anaitwa Benson, mtu wa Mbeya huko, ana nyumba ya ghorofa na ukuta mzima wa sebule ameutundika bunduki za kale na mikuki na ngao. Anazikusanya tu, kama watoto wanavyokusanya vizibo. Alipokuja kuitazama na mie nilikuwepo, Mama Isack alikuwa ameniita nimrekebishie mlango wa stoo. Nilikuwa chini, nimeshika msasa, na mtu aliyeshika msasa haonekani. Wanaongea juu ya kichwa chake kama yuko Kibaha.

Benson si mtu mbaya, lazima niseme. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kazi. Lakini alipofunguliwa ile bunduki akawa kama mtoto. Akaigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye wanyama, akasema hii haipo nyingine duniani, chuma cha Ulaya na mkono wa kwetu. Akaiweka begani, akalenga simtanki la jirani. Shavu lake likalala juu ya uso wako, Mama. Lina jasho, amenyoa asubuhi. Akacheka, akasema inakaa kama mto wa kulalia. Mie niliendelea kupiga msasa sehemu ambayo nilishaimaliza, mpaka nikatoboa rangi.

Akauliza habari ya karatasi. Isack akasema leseni ilikufa na mzee lakini hiyo si ishu, chukua kwanza, makaratasi yatafuata, wewe una watu wako. Halafu Benson akagusa kale kamtu kadogo karibu na skrubu, akauliza, na huyu? Isack akamwambia. Akamweleza yote, kwa sauti ile ile ya suti, kama anauza shamba. Mie ndipo nilipoisikia, mara ya kwanza tangu nizaliwe, nimepiga magoti mbele ya mlango wa stoo. Kilichosemwa nitakiandika, Mama, nipe nafasi nifike. Benson akasema hapo sasa bei inabadilika, kwa sababu bunduki bila stori ni chuma tu, hii ataiwekea kioo na taa, na chini yake maandishi, mgeni akija asome. Isack akacheka. Akasema andika tu bosi, wahusika wote walishakufa.

Wewe hujafa, Mama.

Walipoondoka nilimfuata Mama Isack jikoni. Alikuwa anakuna nazi. Nilisimama pale mpaka akaniuliza, wewe Alfonsi umekuja kunizibia mwanga? Nikamwuliza kama ni kweli. Hakuuliza kweli nini. Aliacha mbuzi ya nazi, akajifuta mikono kwenye khanga, akaanza kulia kimya kimya, halafu akaniambia mengine ambayo hata Isack hayajui vizuri. Akasema amekaa nayo tumboni tangu Isack ni mtoto mdogo, na aliapishwa na mume wake, na mume wake ameshakwenda. Akasema, mimi nimeolewa tu kwenye ukoo wenu, sina kauli, lakini bunduki hii ikitundikwa kwa watu mimi mama yako, wifi yangu Yustina, sitamtazama usoni tena.

Basi nikafanya kitu ambacho sijawahi. Nilimwomba Mzee Augustine awaite wale wale waliokaa siku ya kumaliza msiba. Walikuja Jumapili baada ya misa, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mkeka. Njia nzima kutoka Wazo nilikuwa najisemesha, kondakta akanidhania namdai chenji. Nilipofika mbele ya watu, yote niliyoyapanga yakakimbia. Nikavua ile kofia ya Mjomba nikaishika mkononi. Nikasema, siku ile sikutoa. Niliogopa. Kuogopa si kutoa.

Isack akapiga makofi. Akasema, loo, Baba kaongea! Leteni kalenda tuandike tarehe! Watu wakacheka, hata Mzee Augustine akatabasamu. Zamani ningekaa chini. Sikukaa. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mtoto wa mtu akaamka mgongoni kwa mama yake: sikutoa, na sitoi, na kila mtu hapa anayejua kwa nini anajua kwa nini. Ndipo kicheko kikakatika. Nilimwangalia Mzee Augustine na yeye akaangalia fimbo yake. Nikajua kumbe anajua. Isack akaanza kusema desturi ni desturi, aliyenyamaza ametoa, leo akigeuza huyu kesho kila mrithi atageuza. Na kwa kweli, Mama, hoja yake ina maana, siwezi kumsingizia. Mzee akafikiri, akasema neno la mrithi limekwama, na wa kulikwamua ni mmoja tu, Yustina, kwa sababu bunduki ni ya kaka yake. Isogezwe ndani kwa Mama Isack, ikae, mpaka Yustina aseme. Isack akakubali haraka mno. Mie nikamtazama nikasema huyu ana lake.

Na alikuwa nalo. Juzi mama yake akamsikia anaongea na Benson kwenye simu, waje leo mchana wakati yeye Mama Isack yuko kwenye jumuiya, waichukue, Yustina atapewa kitu cha kumtuliza baadaye, mwanamke wa kijijini atafanya nini. Mama Isack akanipigia, akasema jumuiya haendi. Nikaaga kwa fundi, nikaja.

Nimefikiria sana nikungoje useme. Kwa desturi ndiyo ilivyotakiwa. Lakini kukuuliza ni lazima kwanza nikwambie, na kukwambia kwa ile simu nisingeweza, na Tabu hasafiri mpaka kesho. Isack yuko njiani leo. Kwa hiyo nimeamua bila wewe, na hilo ni kosa langu la kwanza kwako, na sijutii. Polisi wametangaza muda wa watu kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, gari la matangazo limepita huku mitaani na kule Wazo mpaka tumelikariri. Nilikwenda kwa polisi kata wa hapa, mwanamke, Afande Gladness. Nilisimama nje ya ofisi muda mrefu mpaka akatoka mwenyewe akaniuliza, kijana, unataka huduma au unanilinda? Nikamwambia. Akauliza kama ina risasi ndani, nikasema haina, Mjomba hakuweka risasi humo tangu mie mdogo. Akanikataza nisitembee nayo barabarani hata nikiifunga vipi, nikae nayo ndani, atakuja na gari. Akasema nitaandikishwa jina langu na maelezo, na nisimfiche mtu. Nikamwambia sina sababu ya kuficha. Safari hii sauti ilitoka.

Sasa nimefika, Mama. Kaa chini kama umesimama.

Baba hakuuawa na nyati. Nyati alikuwepo, hilo hawakukudanganya. Baba alikuwa mbeba mizigo kwenye kambi ile ile, Mjomba ndiye aliyemtafutia kazi, hilo unalijua. Walikuwa wanamfuata nyati aliyejeruhiwa na mgeni, Mjomba mbele, Baba nyuma yake. Nyati akawazunguka akatokea ubavuni, akamwangusha Baba. Mjomba akageuka na bunduki hii. Ndani ilikuwa risasi moja. Alilenga nyati, na nyati akageuza kichwa pamoja na Baba aliyekuwa amekwama kwenye pembe, na risasi ikampata Baba. Nyati akamwacha akakimbia. Mama Isack anasema Mjomba alimwambia kwamba Baba alikuwa bado anaongea wakati huo, na angepona majeraha ya nyati. Hilo ndilo lililomla. Si kwamba alikosa. Kwamba angepona.

Kambini walikubaliana waseme nyati. Mzee Augustine alikuwa mpishi wa kambi, aliapa na wengine. Mjomba alileta maiti kwako kwa mikono yake, ukamkumbatia, ukamshukuru kwa kumleta shemeji yake nyumbani. Hayo ya kukumbatiwa alimsimulia mke wake mara nyingi.

Ndipo akamchora Baba pale mwisho, karibu na skrubu, baada ya wanyama wote, kwa sababu aliahidi kumchora kila aliyempiga na hakutaka kujidanganya hata kwenye chuma. Na ndipo akakitoa kile kitako cha kiwandani akachonga hiki. Mama Isack alidhani ni pambo. Anasema siku alipomaliza alinyanyua bunduki, akalenga ukuta, shavu lake likafika kwenye uso wako, akaishusha, akaketi. Hakuinyanyua tena begani mpaka anakufa. Aliichonga ili asiweze. Ungekuwa umeiona ungeelewa, hakuna pa kuweka shavu isipokuwa kwako.

Mabati ya nyumba yako ni hayo. Ada ya Editha ni hiyo. Ulikuwaga unalalamika, kaka yangu anakuja anashusha mzigo anaondoka siku hiyo hiyo, ana haraka kama anafukuzwa. Mie nilipokaa kwake hakuwahi kula akiwa amenielekea, siku zote alikaa upande. Nilidhani ananidharau kwa sababu sikusoma. Kumbe wanasema nimefanana na Baba.

Sikuombi umsamehe, Mama, wala sikuombi umchukie. Hilo ni lako, mie ni mtoto. Mie mwenyewe bado sijui. Kuna saa nakaa nataka niitupe kofia yake chooni, na kuna saa namwona pale anapolenga ukuta. Jina lake nimelibakiza, nimeona mtu aliyelibeba na lile jambo peke yake miaka yote, nikilitupa atakuwa peke yake hata huko aliko. Lakini kitu kimoja ninakijua bila kuuliza mtu. Baba yangu hatakuwa maandishi chini ya kioo Mbezi Beach, watu wanakunywa soda wanamsoma. Chuma nakipeleka polisi. Wanyama wote wale wazuri wataenda kuharibiwa, nywele za kuro na pembe iliyovunjika, na mikono yangu inauma nikifikiria, lakini Baba yuko katikati yao na siwezi kumtoa peke yake.

Kitako ni kitu kingine. Nilimwuliza Afande, akasema mbao peke yake haiui mtu, ila si yeye wa kuamua, niombe kituoni, na mkuu wake akikubali nitakifungua mbele yao. Nimekuja na bisibisi ya fundi. Kwa hiyo kama Tabu atakukabidhi barua hii pamoja na furushi, ni kitako, ujue walikubali. Uso wako uko juu. Ukitaka kichome upikie uji, ukitaka kiweke, ukitaka mpelekee padre, ni chako, hakuna mwanaume wa ukoo atakayekuuliza, na akiuliza mwambie aje kwangu. Kama Tabu atakuletea barua tupu, ujue niliomba nikakataliwa, lakini niliomba kwa sauti.

Isack atanitukana, ameshaanza kwenye meseji tangu kile kikao cha Jumapili. Ameandika mie ni mshamba na nataka kumkosesha pesa. Sitamjibu, ila atakapotulia nitamwendea, ni ndugu yangu, na hajui kwamba alikuwa anamuuza mtu. Alidhani anauza stori. Na Mzee Augustine usimpigie simu kwa hasira, ngoja kwanza. Nimemwambia atakuja huko mwenyewe baada ya mavuno ya korosho akae mbele yako aseme alichokiona, kwa kuwa yeye ndiye pekee aliye hai aliyekuwepo. Alikataa, akasema mguu. Nikamwambia hata Mama ana mguu. Atakuja. Nauli yake nitashughulika nayo mie.

Nisalimie Editha, mwambie yule mtoto wake mkubwa nimemwekea viatu. Nisalimie Bibi Tekla jirani na wote wa jumuiya. Kaburi la Baba lifyekwe, mwaka huu nikija nataka tukae pale mie na wewe tu, unisimulie sauti yake ilikuwaje.

Nimesikia gari limesimama nje. Si la Benson, la Benson halitoi mlio huo. Mama Isack amechungulia dirishani, anasema ni Afande Gladness na askari mwingine, na anasema kwenye kona kule kuna gari jeupe linageuza, Isack yuko mbele pembeni ya dereva. Afande ameshabisha hodi, wanasema hawawezi kukaa, wananitaka nitoke na bunduki mikononi mbele za watu wote ili ionekane naitoa mwenyewe. Barua namwachia Mama Isack ampe Tabu. Inabidi niende sasa, Mama, kabla Isack hajafika mlangoni, maana akianza kuongea yeye, watu watamsikiliza yeye, na leo nataka niwe nimeshasema kwanza.

Mungu akulinde na mguu wako.

Mwanao,
Alfonsi
Temeke, kwa marehemu Mjomba